Kocha Aliyemchukua Wendell

Gari la Kocha Haskell lilipita mtaani kwetu mara mbili kabla halijasimama. Nililiona nikiwa dirishani, nikasukuma komeo la mlango wa mbele, kisha nikaenda kufunga na wa nyuma. Mwaka ule wa 1966, gari la Mzungu likitambaa polepole kwenye mtaa wa watu weusi pale Maddox Springs, Alabama, halikuwa na heri. Ama ni polisi, ama ni wale ambao hawakutaka kujulikana ni akina nani. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Kaka yangu Hosea alikuwa kazini kwenye kiwanda cha mbao. Nyumbani tulikuwa mimi na mwanangu Wendell tu, naye alikuwa bafuni anaoga huku akiimba, hana habari na dunia.

Aliyeshuka alikuwa mwanamume mwembamba, kofia mkononi, shingo imemwiva kwa jua. Alibisha hodi, akasema jina lake kupitia mlangoni. Royce Haskell, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Aldersby. Nikadhani nimesikia vibaya. Aldersby kilikuwa chuo cha Wazungu, kama maili ishirini kutoka kwetu. Sisi tulikijua kwa upande wa jikoni, maana baadhi ya wanawake wa kanisani kwetu walikuwa wakipika na kufua huko. Hakuna kijana mweusi aliyewahi kuichezea timu yao, wala timu nyingine yoyote waliyokuwa wakishindana nayo.

"Bibi Tolliver," akasema, "nimekuja tuzungumze kuhusu mwanao."

Nilifungua kwa sababu ya lile neno Bibi. Kwenye duka la dobi nilikokuwa napiga pasi, hata binti mdogo wa bosi, ambaye alikuwa hajaanza shule, aliniita Odessa. Mzungu mtu mzima kuniita kwa heshima ya mume wangu lilikuwa jambo geni masikioni mwangu, na ugeni wenyewe ukanitia hofu zaidi.

Alikaa kwenye meza yangu ya jikoni. Nikampa chai ya baridi, nikasimama, sikukaa. Kule nje mapazia ya majirani yalikuwa yakichezacheza. Alinieleza kwamba amemwona Wendell akicheza katika shule yetu ya weusi, yeye mwenyewe akiwa amekaa nyuma kabisa peke yake, na kwamba katika miaka yake yote ya ukocha hajawahi kuona kijana wa kimo kile mwenye miguu myepesi namna ile. Chuo kingelipa ada, chakula na kitanda. Kila gari lilipopita nje aligeuka kutazama dirishani, nikatambua kwamba anaogopa. Jambo hilo halikunifariji hata kidogo. Kama yeye Mzungu anaogopa, mimi niseme nini?

Nikamwuliza kwa nini anataka kufanya hivi.

"Ningependa nikwambie ni kwa sababu ndilo jambo la haki," akasema. "Na ni la haki, nalijua. Lakini nimekuwa nikifungwa kila msimu, na vijana bora wa jimbo hili wanacheza mahali ambapo nimekatazwa hata kutazama. Nataka kushinda, Bibi Tolliver. Kama ningekuwa nashinda, sijui kama ningekuwa nimekaa hapa."

Nilimpenda kwa kusema hivyo, na nilimchukia kwa hayo hayo.

"Wakimuua," nikasema, "utakuja kuniambia mwenyewe, au utapiga simu?"

Kule bafuni kuimba kulikuwa kumekoma. Wendell alikuwa amesimama kwenye korido, taulo kiunoni, maji yakimchuruzika, anasikiliza. Kocha hakumwona.

"Nitakuja mwenyewe," akasema.

Jumapili baada ya kanisa tulilijadili na Hosea, ambaye ndiye aliyekuwa kama baba wa Wendell tangu mume wangu azikwe. Hosea hakulitaka. Alisema kocha huyo atakula kuku wangu wa kukaanga na pai yangu ya viazi vitamu kila akipita, na sisi tutabaki kula dua. Wendell alimsubiri mjomba wake amalize kuchekesha watu, kisha akamjibu kwa upole kwamba akibaki hapa ataingia kiwanda cha mbao, na pale kiwandani kila mwezi msumeno unaondoka na vidole vya mtu, na hajawahi kumsikia mama yake akilia kwa kuogopa kiwanda. Hosea aliutazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa na vidole vitatu, akautia mfukoni. Nikakubali.

Mwaka wa kwanza haukuwa mbaya sana, kwa sababu wanafunzi wapya hawakuruhusiwa kuchezea timu kubwa. Alicheza na wenzake wa mwaka wa kwanza, kwenye kumbi zisizo na watu. Alinipigia simu kila Jumapili. Hakusema mengi, lakini mama husikia na yale yasiyosemwa. Akikaa kula, watu walihamia meza nyingine. Kocha alikuwa amempangia chumba kimoja na Dwight Sizemore, kijana wa Kizungu kutoka milimani, mkimya, ambaye usiku wa kwanza aliomba taa isizimwe. Wendell alidhani ni kwa sababu ya kuogopa kulala na mtu mweusi. Baadaye Dwight alimwambia kwamba aliogopa watakaokuja kumtafuta Wendell wakakosea kitanda. Walicheka sana pamoja. Aliponisimulia, alicheka tena. Mimi sikucheka.

Msimu wa pili ndipo alipovaa jezi ya timu kubwa, na hapo simu yangu ikaanza kulia.

Mara nyingine hakukuwa na sauti, pumzi tu. Mara nyingine wanaume walitukana, na matusi nilikuwa nimeyazoea. Aliyenitisha kuliko wote alikuwa mwanamke. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, laini, ya mtu wa kanisani, unaweza kumdhania ni nyanya wa mtu. Aliniuliza hali yangu. Aliniuliza kama viazi vyangu vilistawi mwaka ule. Kisha akaniuliza, kwa upole uleule, kama ndani ya jeneza la Wendell ningependa kitambaa cheupe au cha buluu, kwa sababu yeye anashona. Alipiga tena wiki iliyofuata, kuuliza kama nimeshaamua.

Sikumwambia Wendell. Yeye naye kulikuwa na mengi hakuniambia. Nilikuja kujua baadaye kwamba mchezaji mmoja, aliyeitwa Clay, hakumpa mpira hata mara moja katika mechi mbili za kwanza, hata pale Wendell alipokuwa amesimama peke yake chini ya kikapu. Kocha alimtoa Clay akamweka benchi mpaka siku ambayo mwenyewe alikwenda kumwambia Wendell kwamba sasa atampa mpira. Watu walimwagia kocha sukari kwenye tangi la mafuta la gari lake ili injini iharibike. Watoto wake shuleni walikuwa wakila peke yao. Lakini usidhani alimdekeza mwanangu. Alimkimbiza mazoezini mpaka akatapika, kisha akamkimbiza tena.

"Mama, huyu mtu ama ananipenda ama ananichukia," Wendell aliniambia. "Nimeshindwa kujua ni lipi."

Mwezi wa Januari nilikuwa dobini, nimesimama kwenye mvuke, nikipiga pasi shati la daktari. Bosi alikuja akasema kuna Mzungu uani ananiulizia. Nikatazama kupitia dirishani nikaliona lile gari.

Sijui niliiachaje pasi. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba niliiacha juu ya shati mpaka shati likaungua, na harufu ikajaa chumba kizima. Nilifika mlangoni kwa kushikilia meza, nikaketi kizingitini, nikawa namtazama akija. Alikuwa amesema atakuja mwenyewe. Sasa amekuja mwenyewe. Katika ule ua mdogo, kabla hajafungua mdomo, nilishamzika mwanangu. Nilishachagua hata kitambaa.

Kocha aliuona uso wangu akaelewa alichokifanya. Alianza kukimbia.

"Yu mzima," akasema kabla hajanifikia. "Wendell yu mzima. Nisamehe. Yu mzima."

Nilitaka kumpiga. Nilimwacha apige magoti pale kwenye matope, nikashusha pumzi mpaka nikaweza kusikia anachosema.

Jumamosi timu ilikuwa inakwenda Mississippi kucheza katika mji mmoja mdogo uitwao Oakum. Mwanamume alikuwa amepiga simu ofisini kwa kocha. Hakutukana. Alitaja namba ya jezi ya Wendell, akataja mahali basi litakapoegeshwa na mlango ambao wachezaji hupitia, akasema kijana huyo hatatoka ukumbini kwa miguu yake. Kocha alikwenda kwa mkuu wa chuo na kwa polisi. Wote walimshauri amwache Wendell nyumbani na kuwaambia watu kwamba ameteguka kifundo cha mguu. Wendell mwenyewe alikuwa bado hajui lolote.

"Nimekuja kukuuliza wewe," akasema.

Hasira ilinijia ikasukuma hofu pembeni kidogo. Nilimwambia kwamba hakuja kuniuliza. Amekuja ili mimi niseme abaki, ili lisiwe neno lake. Hakukataa. Alibaki ameinamisha kichwa, kofia inazunguka mikononi.

Na neno lenyewe lilikuwa kwenye ulimi wangu. Mwache abaki. Hakuna mama ambaye lisingekuwa kwenye ulimi wake. Lakini nilimjua mwanangu. Nilijua kwamba siku atakapogundua tulimdanganya, hatakuwa na mtu wa kumwamini kule, hata mmoja, na mahali kama pale mtu asingeweza kuishi hivyo.

"Kamwambie," nikasema. "Mwambie yote, kama ulivyoniambia mimi. Halafu yeye ndiye aamue."

Nitasema ukweli. Nilisema hivyo kwa sababu niliamini kwamba akiambiwa, ataogopa na atabaki.

Jioni ile alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya baba yake.

"Kocha ameniambia, Mama. Nitacheza."

Nikahamishia simu kwenye sikio la pili.

"Usije Oakum," akasema. "Tafadhali, usije."

"Nakuja," nikamwambia.

Tulikwenda na Hosea kwa gari lake, mvua ya manyunyu ikinyesha njia nzima. Nilikuwa nimekaanga kuku na kufunga mkate wa mahindi, kwa sababu hatukuwa na nia ya kusimama mahali popote kununua chakula. Hosea alinichekesha njia yote ya Alabama, akimsema mchungaji wetu na wigi la mke wa mchungaji. Tulipovuka mpaka kuingia Mississippi alishika usukani kwa mikono miwili.

Mechi ilikuwa ya alasiri, lakini ukumbi wa Oakum ulikuwa na vidirisha vidogo juu kabisa, vimepakwa rangi, na bila taa ungedhani ni usiku. Kwenye pembe ya juu tuliwakuta watu wetu. Walikuwa wapishi, wafagiaji na watunza bustani wa chuo kile, wamevaa nguo zao za kanisani, wamekaa wamenyooka. Mwanamke mmoja aliyevaa kofia ya zambarau alinisogezea nafasi. Aliniuliza yule kijana ni wa nani. Nikasema ni wangu. Alinishika mkono akauweka kwenye paja lake, na hakuuachia mpaka mwisho.

Wendell alipoingia uwanjani, ukumbi ulinguruma. Walimwita boi, wakamwambia arudi shambani. Mtu aliuliza nani kamfungulia nyani, na watu wakacheka, wanawake kwa watoto. Vipande vya barafu vilirushwa. Yeye alifunga kamba za viatu vyake polepole, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Watu huniuliza mechi ilikuwaje. Sijui. Sikuutazama mpira. Nilitazama mikono. Kila mkono ulioingia ndani ya koti, niliufuata mpaka utoke. Mmoja ulitoka na leso, mwingine na sigara, mwingine na chupa. Safu chache chini yetu alikaa mwanamume mwenye kofia ya kahawia, koti lake kubwa limelala mapajani. Wengine wote walikuwa wakipiga kelele. Yeye hakupiga kelele, hakupiga makofi, hakutikisika. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya lile koti. Nilimwonyesha Hosea kwa macho. Hosea alitazama, akaanza kuvua saa yake na kuitia mfukoni, kama wanaume wanavyofanya wakijiandaa kwa ugomvi.

Na nilimtazama kocha. Kila Wendell alipotolewa kupumzika, kocha alisimama nyuma yake, kati ya benchi na watu, mgongo wake kwenye uwanja. Mechi iliendelea bila yeye kuiona. Alikuwa akitazama mikono, kama mimi. Macho yetu yalikutana mara moja. Hatukupungiana.

Kisha taa zikazimika.

Zilizimika zote kwa pamoja, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na sauti kabisa. Halafu watu wakaanza kupiga kelele, viatu vikakwaruza sakafuni, mpira ukadunda mahali, ukadunda tena, ukaviringika. Nilisimama. Nilitaka kuliita jina lake, mdomo ukafunguka, na nikauziba kwa kiganja changu, kwa sababu nilifikiri akinijibu watajua alipo. Nilisimama gizani nimejiziba mdomo, nikisubiri mlio. Hosea alinishika kiuno nisiruke chini. Mwanamke wa kofia ya zambarau alikuwa akiomba Mungu kwa sauti ya chini, akilitaja jina la Wendell kana kwamba amemlea yeye.

Sijui ilichukua muda gani. Taa zilirudi moja moja, kwanza hafifu.

Mwanangu alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Kocha Haskell alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, kifua kwenye mgongo wake, mikono imemzunguka, kama mtu anayeshikilia mti kwenye mafuriko. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilifika kwenye bega la Wendell tu. Mbele yao alisimama Dwight Sizemore, amepanua mikono, amefumba macho. Wachezaji wengine wawili walikuwa wamekimbilia ukutani, na siwalaumu. Clay alikuwa ameketi sakafuni palepale, amejifunika kichwa. Hakuna aliyemcheka.

Niligeuka kumtazama yule mwenye koti. Alikuwa amelifunua. Chini yake kulikuwa na mtoto wa kike wa kama miaka miwili, alikuwa amelala wakati wote huo, na sasa giza na kelele vilikuwa vimemwamsha analia. Baba yake alikuwa akimpigapiga mgongoni, uso umemwiva kwa aibu kwa kuwa watu wanamtazama. Nilitamani kucheka. Badala yake nilikaa chini, nikamwambia Hosea avae saa yake.

Walisema ni mvua iliyoharibu nyaya. Labda. Hakuna aliyepiga risasi siku ile, na hatukuwahi kumjua aliyepiga simu. Refa alipuliza filimbi, wakaendelea. Wendell alikosa kila mtupo wa adhabu aliopewa baada ya hapo. Tulifungwa.

Mimi na Hosea tulitoka haraka tukasimama karibu na basi, mvuani. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za ule mlango uliotajwa kwenye simu. Mlango ulifunguliwa, na timu ikatoka kwa pamoja, imebanana, wote wamevaa makoti marefu, wote wamejifunika taulo vichwani mpaka usoni, mikono mifukoni, wamejikunja magoti ili vimo vilingane. Kocha alikuwa katikati yao, naye amejifunika. Clay alikuwemo. Huwezi kujua nani ni nani. Nilisimama hatua chache tu kutoka kwao, na mimi niliyemzaa sikuweza kumtambua mwanangu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na liliniuma.

Tulilifuata basi. Kila taa za gari zilipotokea nyuma yetu Hosea alipunguza mwendo ili litupite sisi kwanza. Tulipovuka kurudi Alabama basi lilisimama kando ya barabara. Kocha alishuka, akatembea mpaka kwenye majani, akainama akatapika. Kisha Wendell akashuka, akaja kwenye gari letu, akaingia kiti cha nyuma. Nilimpa kapu. Alikula kuku baridi, mifupa ikimponyoka vidoleni. Hosea alitoka nje akajifanya anakagua magurudumu.

Baadaye Wendell akasema, "Mama, uliliona lile bao langu la kwanza? Nililopiga kwa mkono wa kushoto?"

"Nililiona," nikamwambia. "Lilikuwa zuri sana."

Aliegemeza kichwa kwenye kiti changu kwa nyuma, nikahisi joto la paji la uso wake shingoni mwangu. Tukakaa hivyo mpaka kocha alipompigia honi.

Masika yale chuo kilimwondoa Kocha Haskell. Walisema ni kwa sababu timu haikufanya vizuri, ingawa mwaka ule ilikuwa imeshinda zaidi ya ilivyofungwa. Alihamia Kentucky akawa anafundisha hesabu shule ya sekondari. Sikumwona tena. Wendell hakuhama, ingawa nilimsihi. Alicheza mpaka mwisho, akahitimu, na sasa ni mwalimu Birmingham, ana mke na watoto. Baada yake waliingia Aldersby vijana wawili weusi, kisha watano, na leo ukitazama picha ya timu yao utadhani ilikuwa hivyo siku zote. Mwanangu hakanyagi ukumbi wowote wa kikapu. Wanawe wanacheza besiboli. Yule mwanamke wa jeneza aliendelea kunipigia mpaka wiki ya mahafali, kisha akanyamaza, na kwa miaka mingi baadaye kila simu iliyolia niliipokea nikiwa nimesimama.

Mwaka aliohitimu Wendell, Ardelia Crews alikuja jikoni kwangu. Tuliimba kwaya moja. Kocha mpya wa Aldersby alikuwa amekwenda nyumbani kwao kumtaka kijana wake, na yeye hakulala tangu siku ile. Alitaka kujua kutoka kwangu.

"Dada Odessa," akasema, "wewe umepita humo. Niambie tu nimwachie au nisimwachie."

Nilimpa kiti. Nilimsimulia kila kitu, na yule mwanamke wa kwenye simu pia, ambaye nilikuwa sijamtaja kwa mtu yeyote, hata kwa Hosea. Nilimweleza kuhusu taa. Nilimweleza pia kuhusu Dwight, na jinsi Wendell alivyopendeza katika joho siku ya mahafali, maana lazima uyaweke na hayo. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaniuliza: kama ningerudi siku ile ya kwanza, gari limesimama nje, ningefungua mlango?

Nilimwaga ile chai iliyopoa, nikammiminia nyingine.

"Sijui, Ardelia," nikasema. "Kwa kweli sijui."

Alimpeleka kijana wake chuo cha watu weusi huko Nashville. Kijana alicheza vizuri, akarudi kila Krismasi amenenepa, na mama yake akalala usingizi wake wote. Nilifurahi kwa ajili yake. Siku kijana alipoondoka nilimpikia pai ya njiani, nikambebea mwenyewe mpaka kituo cha basi.